Kwa Nini Mvuvi Aliyekosa Samaki Hufungua Mikono

Mnamwona yule bwana pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, aliyesimama katikati ya watu na mikono ameitandaza kama anayetaka kukumbatia nyumba? Hajapatwa na kichaa. Amekosa samaki tu. Kila avuaye kwa ndoana, hapa Msamba na kote ziwani, samaki mkubwa akimponyoka hufungua mikono namna hiyo hiyo, hata kama hakuna aliyemuuliza. Mnadhani watu wamezaliwa nalo jambo hilo, kama kupiga miayo. Sivyo hata kidogo. Lilikuwa na siku yake ya kwanza, na siku hiyo mtu nusura anyang'anywe mtumbwi. Basi kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa.

Enzi hizo, kabla miaka haijaanza kuhesabiwa, ziwa Tanganyika lilikuwa hili hili, na sangala walikuwa hawa hawa, wanene, wenye macho ya dhahabu na hasira za karibu. Waliokuwa tofauti ni wavuvi. Mvuvi akisimama mwaloni kueleza alichokutana nacho majini, alifunga mikono yake nyuma ya mgongo na kuushika mkono mmoja kwa mwingine, na hakuifungua mpaka amalize kusema. Aliyesahau alikemewa na watu wazima kwa watoto.

Sheria hiyo iliwekwa na baba yake Simfukwe, aliyekuwa mkuu wa mwalo kabla ya mwanawe. Inasemekana ndugu wawili walitoka ziwani wakigombea kueleza habari ya samaki mmoja, huyu akifungua mikono hivi, yule akimzidi kwa kuifungua zaidi, mpaka mmoja akamtia mwenzake kidole cha jicho. Ugomvi ukaenea kwa ukoo mzima na kwa siku tatu hakuna mtumbwi ulioingia majini. Mzee akachoka. Akasema, kuanzia leo mikono ikae nyuma, ulimi useme peke yake.

Ulimi ukasema kweli kweli. Ulipoachiwa kazi yote peke yake ukaanza kupiga chuku, na samaki waliokosekana wakawa wakubwa kama ng'ombe, kama ghala, mmoja akasemekana alilizuia jua. Ndipo Simfukwe, aliporithi kiti cha baba yake, akaongeza sheria ya pili, kali kuliko ya kwanza. Samaki asiyefika nchi kavu hayupo. Anayesema alimwona amesema uongo, na uongo huo utachongwa kwa shoka ubavuni mwa mtumbwi wake. Alama zikitimia tatu, mtumbwi unachukuliwa na kupewa mwingine anayejua kufunga mdomo.

Matokeo yake wavuvi wakawa waoga. Waliacha kwenda kwenye maji mazito wanakokaa sangala, wakawa wanavua vidagaa kando kando, kwa sababu kidagaa ukimkosa huna haja ya kumtaja. Sinyangwe, mtu wa miraba minne aliyewashinda vijana wote kwa mieleka, alijisifu kwamba maisha yake yote hajawahi kukosa samaki. Lilikuwa jambo la kweli. Hakuwahi kuvua mahali ambapo maji yalimpita magoti.

Hapo Msamba aliishi mwanamke aliyeitwa Nakazwe, binti wa marehemu mzee Sikazwe, mchonga mitumbwi. Kazi yake ilikuwa kusokota kamba za kuvulia. Alichemsha gome la mti uitwao mtundu, akalichambua nyuzi, kisha akaketi uani na kuzisokota kwenye paja lake, nyuzi tatu kwa pamoja, paja hilo likawa laini kuliko shavu la mtoto. Na alikuwa na taratibu yake ambayo hakuna aliyemfundisha. Hakusokota kamba moja. Alisokota mbili, kutoka gome moja lililochemshwa chungu kimoja, kila moja pima kumi kamili. Pima ni urefu wa mikono yake iliyofunguliwa, kutoka ncha ya kidole cha kulia hadi ncha ya kidole cha kushoto. Kamba moja ilikwenda ziwani, pacha wake akaning'inizwa juu ya meko kungoja zamu.

Kila kamba iliporudi kutoka majini, Nakazwe aliiosha, akaianika, kisha akaipima tena. Iliyopungua ilikuwa imekatika mahali, na iliyoongezeka ilikuwa imevutwa kuliko kawaida. Alijua kila kamba iliyotoka mkononi mwake imeishi maisha gani. Mikono yake haikuwahi kufungwa nyuma, maana alipimia uani kwake, na sheria ya mwalo ilikomea mwaloni.

Mumewe, Silwamba, alikuwa mtu wa furaha na mwenye mdomo. Alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki kwenda maji mazito, na ubavuni mwa mtumbwi wake palikuwa na alama mbili. Ya kwanza, tuseme ukweli, aliistahili. Ndiye aliyesema samaki wake alizuia jua. Jioni ile Nakazwe aliipima kamba akaikuta pima kumi kama ilivyokwenda, akajua samaki mwenyewe hakuzidi kiganja na kidole. Aliona haya kwa niaba ya mumewe, na haya hiyo ilikaa naye muda mrefu. Alama ya pili hakuwa na hakika nayo, kwa kuwa siku hiyo kamba ilikatika na nusu yake ikabaki ziwani.

Mtumbwi wenyewe haukuwa mtumbwi tu. Ulikuwa wa mwisho kuchongwa na mzee Sikazwe, wa mti wa mninga, na siku alipomkabidhi binti yake alikuwa tayari anashikiliwa asianguke. Hawakuwa na mwingine. Mtumbwi ukienda, Silwamba na Nakazwe wangepanda mlimani kulima mawe kwenye shamba la kuazima, na ziwa wangelitazama kwa mbali.

Basi siku moja Silwamba alitoka alfajiri, na jua lilipokuwa limepanda kidogo tu akarudi. Mtumbwi ulikuwa umechubuka pande zote mbili. Viganja vyake vilikuwa vinatoka damu. Ndoana, ya chuma, iliyopindwa na mhunzi mwenyewe, ilikuwa imenyooka kama sindano. Akasimama mwaloni mbele ya watu, akafunga ile mikono yenye damu nyuma ya mgongo, akaeleza.

Alisema sangala alimeza chambo kule kwenye mawe mawili, akavuta mtumbwi mbele kama anayevuta mbuzi, mpaka ukanasa katikati ya mawe hayo na kushindwa kwenda mbele wala nyuma. Alisema aliizungusha kamba kwenye ubao wa kukalia, akabaki kuishikilia tu huku ikiimba. Samaki aliruka mara moja, mwili wote nje ya maji, akatikisa kichwa, akamtazama Silwamba kwa jicho moja. Kisha ndoana ikanyooka na ziwa likatulia.

"Mkubwa kiasi gani?" mtu mmoja akauliza kwa kejeli.

Silwamba akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno hayakuja. Mabega yake yalitikisika, maana mikono ilitaka kutoka nyuma, akaizuia.

Sinyangwe akacheka mpaka akashika mbavu. "Ndugu yangu, wewe umevua jiwe! Mtumbwi umechubuliwa na jiwe, ndoana imenyooshwa na jiwe, ukavuta mpaka ukajichuna mikono. Jiwe halijakutazama kwa jicho, hapana?"

Mwalo mzima ukaangua kicheko. Mzee Simfukwe hakucheka. Alikuwa mtu wa haki kwa namna anavyoielewa yeye, na alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Mwanangu, sheria unaijua. Hii ni ya tatu. Jua likivuka utosi nitaichonga, na mtumbwi utakwenda kwa Sinyangwe, ambaye hajakosa samaki hata mmoja."

Silwamba akaondoka na kamba begani. Alipofika uani alimkuta mkewe amekwisha kupata habari, maana habari za aina hiyo hukimbia kuliko mtu.

"Nitazame," Nakazwe akamwambia. "Ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

"Hukuongeza?"

"Safari hii sina cha kuongeza. Hata kueleza alivyokuwa, maneno hayanitoshi."

Nakazwe alitaka kumwamini na hakuweza. Alikumbuka jua lililozuiwa. Alikumbuka mikono ya baba yake ikitetemeka juu ya ule mninga, na hasira zikampanda, akawa anawachukia wote kwa pamoja, Simfukwe kwa sheria yake, Sinyangwe kwa kicheko chake, na Silwamba kwa ulimi wake uliowafikisha hapo. Akaichukua kamba begani mwa mumewe, akaiosha na kuianika juani, kwa sababu ndivyo alivyofanya siku zote, kisha akaanza kuipima, kwa sababu hiyo hiyo.

Moja, mbili, tatu. Alihesabu bila kufikiri. Alipofika kumi akatazama chini kutafuta ncha, na ncha haikuwapo. Kamba ilikuwa bado inaendelea. Akairudisha yote, akaanza upya, taratibu, mikono ameinyoosha mpaka mabega yanauma. Kumi. Kumi na moja. Na baada ya kumi na moja, dhiraa nzima, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.

Miaka yote aliyosokota kamba, iliyowahi kuongezeka sana iliongezeka kwa shibiri. Akaishika ile kamba nyembamba iliyonyooshwa, akaipitisha kwenye shavu lake, akacheka peke yake kwa sauti. Mumewe hakusema uongo. Kuliko hata mtumbwi, hilo ndilo lililomfurahisha kwanza.

"Inuka," akamwambia. "Nawa uso. Tunarudi mwaloni."

Akapanda kwenye kigoda, akamshusha pacha wa ile kamba kutoka juu ya meko, mweusi kwa moshi, akatoka mbele na mumewe nyuma yake.

Walifika shoka likiwa tayari mkononi mwa Simfukwe, na Sinyangwe ameshakalia ukingo wa mtumbwi kujaribu unavyomwenea. Nakazwe akasalimia wazee kwa adabu, akapiga goti kama inavyotakiwa, kisha akasimama na kufungua mikono yake pande mbili, kamba ikiwa kati.

"Mikono nyuma!" watu wakapiga kelele.

"Mikono nyuma, binti wa Sikazwe," Simfukwe akasema. "Hapa ni mwaloni."

"Shikamoo tena, baba," Nakazwe akajibu. "Nimekuja kupima kamba. Pima haipimwi mikono ikiwa nyuma. Kama kuna anayeweza, aje anioneshe, na mimi nitafunga yangu."

Watu wakatazamana. Mzee Simfukwe akakuna kidevu. Hata sheria ya baba yake haikuwa imefikiria jambo hilo. Akaweka shoka chini. "Pima," akasema.

Nakazwe akampima kwanza yule pacha wa jikoni, mwalo mzima ukihesabu kwa sauti. Pima kumi, si zaidi, si pungufu. Kisha akaipima kamba iliyotoka ziwani, kwa mikono ile ile. Walipofika kumi sauti zilipungua. Walipofika kumi na moja zilikuwa chache sana. Alipoweka kiwiko chake na dhiraa ya mwisho, hakuna aliyehesabu.

"Kamba huchoka," Sinyangwe akasema haraka. "Amevuta jiwe tangu alfajiri."

"Vizuri sana, shemeji," Nakazwe akasema. "Na tuvute jiwe."

Akafunga ncha moja ya pacha kwenye mwamba wa mwaloni, ule wa kufungia mitumbwi. Ncha ya pili akaiunga kwenye kamba nene ya kuburuzia mitumbwi, ili watu wapate pa kushika. Akamwita mumewe. Silwamba akavuta peke yake kwa viganja vyake vilivyochunika, akavuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Nakazwe akalegeza kamba, akapima. Pima kumi.

"Huyo ni mtu mmoja na jiwe," akasema. "Jiwe halivuti. Nguvu yake ni ile unayolivuta nayo. Kama mume wangu alivua jiwe, kamba ingenirudia hivi. Haya, ongezeni watu."

Wakaingia wawili wengine, wakapimiwa. Kumi bado. Wakaingia zaidi wakawa watano, kamba ikatoa mlio, ikapimwa, kumi na kidole. Sasa mwalo ulikuwa umesahau shoka na sheria. Wanawake waliacha kuparua samaki wakaja wakiwa na magamba mikononi. Wakawa saba, kumi na shibiri. Wakawa wanane, miguu yao imezama mchangani, mzee mmoja akiwaongoza kwa wimbo wa kuburuza mitumbwi, na Nakazwe alipopima alipata kumi na moja kamili. Bado ile dhiraa.

"Wameisha wanaume?" akauliza.

Macho yote yakamgeukia Sinyangwe, aliyekuwa angali amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi, mikono nyuma. Akajifanya anaangalia ziwani. "Ingia!" watu wakapaza sauti. "Ingia, asiyekosa samaki!" Hakuwa na namna. Akateremka, akashika kamba mwishoni kabisa, akawa wa tisa. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye nguvu na mwenye hasira, alivuta kuliko wote wanane, akitaka kuikata aibu hiyo mara moja. Kamba ikaimba. Ikaimba kama Silwamba alivyosema. Lakini Nakazwe alikuwa ameisokota yeye, na haikukatika.

"Acheni!"

Wakaanguka mchangani chali, tisa kwa mpigo. Nakazwe akaifungua kamba kwenye mwamba. Safari hii hakuhesabu. Aliilaza tu mchangani sambamba na ile iliyotoka ziwani, akazilinganisha ncha za huku, akatembea hadi upande wa pili. Zilikuwa sawa. Hata kidole hakikupita.

Mke wa Simfukwe mwenyewe akapiga kigelegele, kikapokelewa na wanawake wote wenye magamba mikononi, kikazunguka ghuba nzima. Nakazwe alisimama katikati akihema, machozi yanamtoka na hayafuti.

Mzee Simfukwe akazikagua kamba zote mbili, akiinama kwa shida. Alipoinuka, watu waliona kwamba hakuirudisha mikono yake nyuma. Akamwendea Silwamba, akamshika bega.

"Wanaume tisa," akasema. "Na mmoja wao Sinyangwe. Mwanangu, nimekukosea. Sasa niambie, na safari hii nauliza kwa kutaka kujua. Alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Silwamba akafungua mdomo, na kama asubuhi, maneno hayakuja. Akamtazama mkewe. Kisha polepole, mbele ya mkuu wa mwalo na watu wote, akafungua mikono yake. Akaifungua mpaka mwisho, viganja vilivyochunika vikitazama juu, kifua chote mbele. Hakuna aliyemwambia airudishe. Watoto wakamwiga, kisha vijana, kisha wale saba waliolala mchangani, na mwisho hata Sinyangwe, ambaye sasa alimsifu huyo samaki kuliko mtu yeyote, maana kadiri samaki alivyokuwa mkubwa ndivyo na yeye alivyokuwa na nguvu. Mwalo mzima ukawa umesimama mikono wazi, kila mtu akimpimia mwenzake samaki ambaye hawakuwa wamemwona.

Simfukwe akaagiza alama zote mbili za zamani ziparuliwe kwenye mtumbwi. Nakazwe akainua mkono.

"Moja parueni, baba. Ya kwanza iacheni. Ile aliistahili."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na Silwamba akacheka kuliko wote. Alama hiyo ilibaki ubavuni mwa mtumbwi wa mninga mpaka mtumbwi wenyewe ulipozeeka.

Kesho yake mitumbwi sita iliondoka kwenda maji mazito, ambako mingi hivyo haikuwa imeonekana kwa miaka. Wengine walirudi na sangala, wengine walirudi na hadithi, na wote walipokelewa. Sinyangwe naye alikwenda, maji yakampita magoti, akakosa samaki wake wa kwanza, na mikono yake ikawa hailali kwa siku nne. Yule sangala wa Silwamba hakuonekana tena. Silwamba alimtafuta mpaka uzeeni, na kila alipomsimulia mikono ilifunguka zaidi kidogo kuliko mwaka uliopita. Nakazwe aliona, akatabasamu.

Na tangu siku hiyo, mvuvi akipotewa na samaki mkubwa haulizwi yuko wapi. Anafungua mikono, na waliopo hunyamaza mpaka aifunge mwenyewe. Kwa hiyo yule bwana pale mwaloni mwacheni amalize. Na kama mna wasiwasi naye, msimuulize yeye. Nendeni kwa mkewe, mkamuulize kamba imerudi na pima ngapi.